Ngwe ya Daktari

Mtu akishatangazwa kanisani kuwa ni mlevi, hata akinywa maji watu hunusa kikombe. Ndivyo ilivyompata Efraimu, mpasua mbao wa Makambako, Jumapili moja ya mwezi wa tano mwaka 1956. Mwinjilisti Hezekia alimaliza matangazo ya ndoa, akakohoa kidogo, akasoma kwenye karatasi kwamba ndugu Efraimu ameonekana mara nyingi akiyumba njiani, tena mchana kweupe. Kwamba wazee watakaa Jumamosi kulisikiliza shauri lake. Na kwamba mpaka hapo asisogee kwenye Meza ya Bwana.

Efraimu mwenyewe alikuwamo. Alikaa benchi la nyuma kabisa, ubavuni mwa ukuta, kwa sababu siku hizo ukuta ndio uliokuwa rafiki yake. Aliposikia jina lake alisimama ili atoke, na kule kusimama kukawa ushahidi wa kutosha: alipepesuka, akamdaka bega mzee wa watu aliyekaa mbele yake, akajikuta amekaa tena bila kupenda. Wanawake wakatazama chini. Vijana wakachekea puani. Yalikuwa majira ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na katika majira hayo mtu anayeyumba haulizwi sababu.

Mtu mmoja tu mle ndani alijua kwa hakika kwamba Efraimu hajanywa kitu. Anania, dresa wa zahanati, alikuwa benchi la tatu pamoja na mkewe Kristina. Alilijua jambo hilo tangu mwezi wa tatu. Alikifunga kitabu cha nyimbo, na wimbo uliofuata aliuimba kwa kichwa huku akikosea maneno.

Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja na baraza, nyuma ya soko, chini ya hospitali fulani ya Njombe ambayo sitaitaja. Waliopita mlango wake wanaijua. Daktari wa hospitali hiyo alikuwa Mzungu mwembamba aitwaye Tranta, nao watu walimpa jina la Bwana Upesi, maana kila Jumatano aliwaona wagonjwa themanini kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake Anania alipasuliwa naye uvimbe wa tumbo akapona, na mpaka leo ninaposimulia haya ukoo ule unamtaja kwa heshima. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Anania kama Daktari angekuwa mtu mbaya.

Mwishoni mwa mwaka uliotangulia Efraimu alikuwa ametema damu. Mwezi wa kwanza akapanda lori kwenda Njombe, akapimwa, akaambiwa ni kifua kikuu, akarudi Makambako na boksi la chupa ndogo zenye unga mweupe na karatasi ya kumpa dresa. Karatasi ilisema: streptomisini, gramu mbili kila siku, siku tisini. Anania alikuwa amekwisha kuwachoma wagonjwa wengine wanne dawa hiyo hiyo. Karatasi za wale wote wanne zilisema gramu moja.

Kama Anania angeuliza siku ile, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini miaka miwili nyuma aliwahi kuuliza. Ilikuwa kuhusu dawa ya minyoo ya mtoto, akadhani kipimo kimezidi, na Daktari aliyekuja kukagua zahanati akamgeukia mbele ya foleni nzima: "Nani daktari hapa?" Foleni ikacheka. Na kwa bahati mbaya Daktari ndiye aliyekuwa sahihi siku ile, jambo ambalo liliifanya aibu ile idumu. Basi safari hii Anania alijiambia kwamba huenda ugonjwa wa Efraimu ni mkubwa kuliko wa wale wanne, akachemsha maji, akachanganya chupa mbili, akachoma.

Siku ya tisa wasiwasi ulimzidi akaandika barua ya mistari mitatu kumwuliza Daktari. Hakuituma. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya madresa wanaofikiriwa kupelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo, mtu mmoja tu atachaguliwa, na mchaguaji ni Daktari. Barua ile aliwashia jiko la kuchemshia sindano.

Wiki ya sita Efraimu alikuja akicheka, mkono umeshika mwimo wa mlango. "Bwana Dresa, masikioni mwangu kuna nyenje. Halafu dunia imelewa, mimi mzima."

"Ni dawa tu," Anania alimjibu bila kumtazama. "Itapita."

Haikupita. Kifua kilipona, hilo ni kweli na lisemwe. Kikohozi kilikatika na nyama ikarudi mwilini. Lakini siku alipopanda tena juu ya gogo kupasua mbao na mwenzake aliyevuta msumeno kutoka shimoni chini yake, aligeuza shingo mara moja tu, akaanguka kutoka juu ya gogo, na msumeno ukampita mwenzake kwa upana wa kiganja. Tangu siku hiyo hakupanda tena. Mchana alitembea kwa kukaza macho kwenye kitu cha mbali, mti au paa. Mtu akimwita kwa nyuma akageuka, anayumba. Jua likizama, Ida mkewe alimshika mkono mpaka chooni.

Jumatatu baada ya lile tangazo, Anania aliitoa karatasi ya Daktari katika jalada, akaitia mfukoni, akafunga zahanati mapema na kupanda lori la viazi kwenda Njombe. Alimkuta Daktari ananawa mikono. Akaiweka karatasi mezani kwa mikono miwili, akaeleza yote, hata la barua aliyoichoma. Daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Mbili," alisema.

"Mbili, Bwana Daktari. Kila siku, siku tisini."

"Nilikusudia moja." Alivuta daftari kubwa, akafunua mpaka Jumatano ile, akapitisha kidole. "Siku hiyo nilikuwa na watu tisini na mmoja." Alilisema polepole, na Anania akaona kwamba anajieleza mwenyewe.

"Je, itamrudia? Ile nguvu ya kusimama?"

"Dawa hii ikishaharibu sikio la ndani, halirudi. Atajifunza kutumia macho. Gizani ataanguka siku zote."

"Kazi yake ni kusimama juu ya gogo. Ana mke na watoto wanne."

Daktari aliinamia daftari. Alipoinua macho yalikuwa mekundu, ila sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini. "Na wewe uliona. Wanne waliotangulia walichomwa moja."

"Niliona."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza, Bwana Daktari. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi sikiliza, Anania. Kosa hili likiandikwa kwa jina langu nitaondolewa hapa, na hao watu themanini wa Jumatano watakwenda kwa nani? Likiandikwa kwa jina lako, kwamba ulichanganya chupa mbili kwa kukosea, ni onyo tu, nami nitaliandika kwa upole. Habari ya Dar es Salaam itabaki palepale. Niachie karatasi hii." Akanyoosha mkono. Hakuwa anatisha, alikuwa mtu aliyechoka.

Ninyi mnaosoma mtasema mngekataa papo hapo. Haya. Anania hakukataa papo hapo. Aliwafikiria wale themanini, akamfikiria mama yake, akaiona na Dar es Salaam ambayo hajawahi kuiona. Mkono wake ulikuwa umeanza kuisukuma karatasi kuelekea upande wa pili wa meza. Kilichouzuia ni kwamba tangu waanze kuongea Daktari hakuwa amelitaja jina la mgonjwa hata mara moja, nalo lilikuwa limeandikwa pale juu kwa mkono wake mwenyewe.

"Naomba nikalifikirie, Bwana Daktari," alisema, akaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni. Njia nzima ya kurudi alimkasirikia Daktari, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa namna ambayo ilimchosha zaidi.

Jumamosi wazee saba waliketi katika chumba cha shule ya kanisa, na watu wengine wakajazana mlangoni. Mshtaki alikuwa Mzee Methusela, mtu mnyofu ambaye hakuonja ulanzi tangu abatizwe, na alitaka kila mtu alijue hilo. Ndiye aliyemwona Efraimu akianguka mara mbili karibu na wauza ulanzi. Ida aliketi karibu na mlango, mtoto wa mwisho mapajani.

"Ulikunywa?" Mwinjilisti Hezekia aliuliza.

"Sikunywa," Efraimu alijibu.

"Basi unayumba kwa nini?"

"Hilo nami ndilo ninalowauliza ninyi mnaojua."

Mzee Methusela akaguna. Hapo Anania akasimama, na alipokuwa anasimama alihisi mkono wa Kristina ukimvuta shati kwa nyuma, kisha ukamwachia.

"Si ulanzi," alisema. "Ni dawa. Daktari aliandika mara mbili ya kipimo, nami niliona kuwa si sawa. Nikanyamaza, nikamchoma siku tisini." Akaiweka karatasi mbele ya Mwinjilisti. "Kama hamuamini, mwambieni afumbe macho."

Efraimu akasimama katikati ya chumba, miguu pamoja, akafumba macho. Hakumaliza pumzi mbili, akaangukia upande wa kulia, Anania akamdaka. Mzee Methusela akainuka na mkongojo wake, akasogeza pua mpaka mdomoni mwa Efraimu, akanusa kwa makini yote ya mtu anayependa haki. Alikuta harufu ya uji wa ulezi. Akarudi kuketi bila kumtazama mtu.

Basi neno la ulevi likaisha hapo hapo, na Mwinjilisti akalifuta kwa kalamu mbele ya wote. Lakini lilikuwa limezaa neno jingine, kubwa kuliko lenyewe: nani atamlimia mtu huyu? Mzee mmoja akashauri Efraimu ashuke shimoni, awe mvutaji wa chini, kule hakuna kuanguka. Anania akatikisa kichwa. "Vumbi la mbao humwagikia aliye chini. Mwaka mmoja wa vumbi lile na kifua kitarudi."

Mzee Methusela ndiye aliyedakia, labda kwa kuwa aibu ya kunusa ilikuwa bado inamuuma. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Daktari yuko Njombe, tena ni Mzungu, hatumfikii. Dresa huyu hapa. Alijua akanyamaza, kwa kinywa chake amekiri. Na alilime shamba la Efraimu lote, kila mwaka, mpaka watoto wakue."

"Nakubali," Anania alisema upesi mno. Kwa kweli alifarijika. Mtu aliyebeba kosa miezi mingi hupenda ahukumiwe lolote ili mradi ahukumiwe.

"Mimi sikubali," Ida alisema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Mwinjilisti akamwashiria aseme, naye akampa jirani mtoto akasimama. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Wengi pale walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake ikivuka uzio wa nyumba yake.

"Baba Methusela, mimi nina hasira na Anania. Nimelima peke yangu, nimepasua kuni, nimemshika mume wangu mkono kama mtoto, na mtu huyu alijua. Hasira yangu sijaimaliza, na asinisalimie njiani mpaka niimalize. Lakini tazama unachofanya. Angeendelea kunyamaza, angepoteza nini? Hakuna. Amesema kweli, unamtwika mzigo wote kwa sababu mkono wako unamfikia. Kesho dresa mwingine ataona karatasi mbaya, atamkumbuka Anania, atafumba mdomo achome. Na atakayechomwa atakuwa mtoto wa nani? Huenda wako."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," mtu alisema mlangoni, na wengine wakaitikia kwa kuguna.

"Basi unataka nani abebe, mama?" Mwinjilisti aliuliza.

"Kila mtu ngwe yake." Ida alieleza kama anavyoeleza mtu jambo la kila mwaka. "Mwezi wa kumi na moja nitaitisha mgowe, kama tunavyolimiana siku zote, nami nitapika togwa, pombe haitakuwapo. Nitapima shamba kwa kamba. Aliyeandika ana ngwe yake. Aliyechoma ana ngwe yake. Na aliyemshtaki mume wangu kuwa mlevi kabla ya kumnusa, naye ana ngwe yake."

Vicheko vikapenya hapa na pale. Mzee Methusela alishika ndevu zake, akazivuta, akaziachia. "Yangu ipime ndefu, binti yangu," alisema, na vicheko vikakoma.

"Na Daktari?" Mwinjilisti aliuliza.

"Nitampimia. Kuja ni juu yake."

Mwinjilisti Hezekia akaandika barua kwenda Njombe kwa maandishi yake mazuri ya shule, akitaja siku na mahali. Jibu halikuja. Kilichokuja, baada ya wiki mbili, ni barua nyingine kwa Anania: ameachishwa kazi kwa kukosea kipimo cha dawa na kwa kutoa karatasi ya hospitali nje bila ruhusa. Akakabidhi funguo. Kristina aliisoma barua ile mara mbili akasema, "Ungeniuliza kabla ya kututoa kwenye nyumba ya zahanati yenye bati." Hilo nalo Anania alikuwa amelikosea. Wakahamia kwa kaka yake Kristina, naye Anania akapata kazi ya kupima mahindi kwa mfanyabiashara wa pale sokoni.

Shamba la Efraimu lilikuwa kando ya barabara ya Njombe, mahali ambapo upepo wa Makambako haumsamehe mtu. Siku ya mgowe watu walifika thelathini na zaidi, majembe begani. Ida alipita na kamba na vijiti, akampimia kila mmoja ngwe yake, kipande chake cha kulima, kutoka barabarani mpaka kwenye mfereji wa chini. Ya Mzee Methusela ilikuwa ndefu kama alivyoomba. Ya Anania ilikuwa pana kuliko zote. Pembeni yake, katikati kabisa ya shamba, Ida alichomeka vijiti viwili na kumwita mtu ambaye hakuwapo: "Hapa, Daktari."

Efraimu aliketi kwenye kigoda chini ya ukingo wa barabara na tupa yake ya msumeno, akinoa majembe ya watu, na ulimi wake ulikuwa mzima. "Dresa!" alipaza sauti. "Jembe hilo halichomwi, linalimwa!" Watu wakacheka, Anania akacheka nao, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu Efraimu kumtania. Anania alikuwa hajajua jinsi alivyoukosa utani ule.

Jua lilipofika utosini ngwe zote zilikuwa nyekundu kwa udongo mpya, isipokuwa ile ya katikati iliyobaki na majani yake. Mzee mmoja akasema tuimalizie tu, watu ni wengi, ni kazi ya dakika chache. Anania hakungoja kuambiwa. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, lakini aliingia kati ya vile vijiti viwili akainua jembe.

"Toka humo," Ida alisema.

"Mama Ida, niache. Mkono uliochoma ni wangu."

"Nami nimeupimia mkono wako, nawe umelima mpaka mwisho. Hiyo si yako. Yako umeimaliza."

Anania alisimama na jembe lake hewani. Kwa miezi minane alikuwa amelala na kuamka na kosa ambalo hakulijua mwanzo wala mwisho, na sasa mwanamke aliyemkosea alikuwa anamwonyesha mpaka wake kwa vijiti. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Hakuyafuta, akatoka nje ya ngwe ile, akaenda kunywa togwa pamoja na wengine.

Mvua zikanyesha. Mwezi wa kwanza mahindi yalifika kiunoni huku na huku, na katikati yake ikasimama ile ngwe ya majani yaliyokwisha kuyapita mahindi. Madereva wa malori waliuliza, wakaelezwa, wakaeleza wenzao, na haukupita muda mrefu abiria wakaanza kusema, "Nishushe pale kwenye ngwe ya Daktari." Hakuna aliyekusudia kumdhihaki mtu. Lilikuwa jina la mahali.

Siku moja Anania alikuwa anapalilia mahindi ya Efraimu, gari dogo la hospitali likitoka upande wa Iringa likapunguza mwendo, likasimama. Daktari alishuka. Alikuwa amepungua mwili.

"Kwa nini mmeacha hapa?" aliuliza, ingawa macho yake yalionyesha kwamba amekwisha kusikia mahali fulani.

"Ni yako, Bwana Daktari. Mwinjilisti alikuandikia."

"Lakini mnapoteza mahindi."

"Ida anajua."

Efraimu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, kando ya shamba. Alipomwona mgeni aliinuka kwa adabu ili amwamkie, na kuinuka kwake kukawa kama kulivyokuwa siku zote: aliyumba, akaikumbatia nguzo ya baraza, akatabasamu kwa aibu. "Kamwene, Bwana Daktari!" alimwita.

Daktari alivua kofia. Alisimama hivyo, kofia mkononi na upepo ukizichezea nywele zake chache, kisha akarudi garini. Hakuondoka mara moja. Anania alimwona ameshika usukani kwa mikono miwili, gari halijawashwa, akaona huruma ambayo hakuitaka.

Jumamosi iliyofuata lori la kutoka Njombe lilimshusha kibarua mmoja, kijana Mkatoliki mpole aitwaye Romanus, na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Anania alikuwa pale, amekuja kumsaidia Efraimu kufunga paa. Ida akamkaribisha mgeni, akampa kigoda na bakuli la uji, akangoja amalize.

"Nimetumwa na Daktari, mama," Romanus alisema. "Nilime pale kwenye majani. Nimeshalipwa, ninyi hamdaiwi kitu."

Ida alilitazama lile jembe jipya, akalitazama na shamba. Mwaka ule ngwe ile ingewanyima mahindi ya mwezi mzima, na watoto wanne hawali heshima. Anania alijua hesabu hiyo.

"Baba, umefanya kazi yako ya kuja, nashukuru," alisema. "Lakini hapo halimi mtu wa kutumwa. Sindano alimtuma mtu. Jembe aje nalo mwenyewe."

Romanus akageuza macho kwa Anania, kwa kuwa alikuwa mwanamume mwenye shati la kola na huenda akalifanya jambo hili kuwa jepesi. Anania hakulifanya jepesi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kutumwa, na alijua kwa mwili wake gharama ya kutumwa. Akampokea kijana jembe lake, wakatembea pamoja kandokando ya yale majani marefu mpaka barabarani, wakangoja. Lori la kurudi Njombe lilipotokea, Anania alimrudishia jembe na kumshika bega.

"Mwambie maneno ya mama kama ulivyoyasikia," alimwambia. "Usipunguze, na usizidishe."